Moto Ukicheka

Gesi ya jirani yangu hapa Mwihoko imeisha, kwa hivyo amewasha kuni nje ya ploti. Moshi umeingia kwangu na harufu ya jikoni kwa cucu, nyanya yangu wa Gatuanyaga.

Kuni zikianza kuvuma, cucu alikuwa akisema moto unacheka, mgeni yuko njiani. Hapo hapo aliongeza kikombe cha maji kwenye sufuria ya chai. Kwangu mgeni alikuwa mmoja tu: mama, aliyefanya kazi kiwandani Thika na kuja akipata siku ya ofu.

Siku moja nilitoka shule na neno jipya la Kiingereza.

"Cucu, hiyo ya moto inaitwa omen. Ticha amesema ni ishara ya mambo mabaya."

Aliendelea kupuliza moto. "Mabaya tu? Na ya mama yako kuja, wanaiitaje?"

Moto ukacheka, naye akaongeza maji. Tulikaa tukisikiliza kila pikipiki iliyopita kwenye vumbi, mpaka chai ya mama ikashika utando juu. Cucu akakifunika kikombe kwa sahani. "Moto haujadanganya," akasema. "Ni njia tu ndio ndefu."

Sasa nimebandika chai kwenye gesi yangu, ambayo haijawahi kucheka. Naishi peke yangu. Huko nje kuni za jirani zimeanza kuvuma. Mgeni huyo ni wake, najua, lakini nimeongeza kikombe cha maji.