Wimbo wa Ijumaa Uliobaki Nje ya Geti

Geti lilifungwa jua bado lipo. Hilo nataka ulijue kwanza. Jeneza la mama lilikuwa limeshawekwa uani, juu ya viti vya kanisa, nami nimesimama kando yake, mkono wangu wa kushoto umefungwa bandeji. Barabarani alisimama jirani yetu, mzee wa Kiyahudi, amevaa suti nyeusi, klarineti mkononi. Alikuja kumpigia mama wimbo alioutaka. Mchungaji wetu akasukuma geti, akapitisha komeo. Huko nje mtoto wa yule mzee akamshika baba yake begani, akamwingiza kwenye gari. Nikaona midomo ya mzee inatembea nyuma ya kioo. Alikuwa anauimba. Sikusikia kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Watu wengine humu nitawaita kama nilivyowaita utotoni, lakini wale wawili nawataja: Mchungaji Naftali, na Leonard mtoto wa mzee.

Sasa turudi nyuma, maana nisipokuonyesha utamu wake, hasira yangu hutaielewa.

Tulikaa mtaa wa Bellevue, jiji moja na Soweto, kwenye nyumba ya zamani iliyokatwa vyumba, kila chumba na nchi yake. Mama alikuwa mtu wa Tanga. Alimfuata baba, mpigania uhuru wa huku aliyerudi kwao, na baba alipofika kwao akatuacha, akahamia kwa mwanamke Soweto. Mama akapata kazi ng'ambo ya barabara, kumpikia na kumfulia yule mzee wa klarineti. Mkewe alishafariki, na Wayahudi wenzake wengi walishahama mtaa.

Ijumaa ilikuwa siku yangu. Nikitoka shule napita spaza, kiduka cha mtaani, kuchukua mishumaa miwili, naingia jikoni kwa mzee, na harufu ya supu ya kuku inanipokea mlangoni. Mama anasuka mkate wao wa mayai, misuko mitatu, vidole vinakwenda mbio. "Huu ni kama kusuka kichwa chako tu, mwanangu," ananiambia, "ila wenyewe haulii."

Kazi yangu ilikuwa kung'arisha vyuma vya klarineti kwa kitambaa. Kisha mzee anakaa kibarazani na kupiga mpaka jua liguse mapaa. Hapo anaacha, hata kama wimbo uko katikati, anairudisha klarineti kwenye sanduku lake. Kwao chombo hakiguswi tangu jua la Ijumaa linapozama mpaka Jumamosi usiku. Jumamosi yote alikuwa anauimba ule wimbo wa Ijumaa kwa mdomo tu, yam-bam-bam, hauna neno hata moja. Aliniambia hauna maneno ili hata asiyejua kuomba aweze kuomba.

Msusi wa Kikongo wa chumba cha mbele cha nyumba yetu alikuwa anapiga kelele kutoka ng'ambo: "Papa! Piga ingine, ile ya kutikisa mabega!"

"Mabega ya nani? Yangu yameisha!" mzee anamjibu, na mtaa mzima unacheka. Mama anaegemea mlango, unga mikononi, amefumba macho. Alisema inalia kama klarineti ya taarab ya kwao.

Leonard alikuwa anakuja na gari kutoka Sandton, kwenye mitaa ya matajiri, uso umekunjwa. "Baba, haya ni maombi yetu. Unawapigia watu wa barabarani kwa nini?"

"Wewe nikikupigia unaangalia saa," mzee akamwambia siku moja. "Mama huyu analia. Sasa nimpigie nani?"

Kwetu nako hakukuwa na nafuu. Naftali alimsimamisha mama mbele ya kanisa, eti Mkristo gani anakaa kusikiliza nyimbo za waliomkataa Yesu. Mama akamuuliza taratibu, "Samahani, Mchungaji, Yesu mwenyewe alipokuwa mtoto alibembelezwa kwa nyimbo za nani?" Watu walicheka. Naftali hakumsamehe kicheko kile.

Kisha jiko la mafuta ya taa likalipuka chumbani kwetu. Mama alinitoa dirishani kwanza. Yeye alikaa hospitali siku tatu, na maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa: "Mwambie mzee anipigie ule wa Ijumaa nikiwa naondoka."

Nilimpelekea ujumbe mwenyewe, nikamwambia mazishi ni Jumamosi asubuhi, kama watu wanavyozikwa huku. Mzee akakaa kwenye kiti cha jikoni. "Jumamosi siwezi," akasema. "Na kwetu maiti hapigiwi muziki. Lakini mama yako si wa kwetu, na ameomba. Nitakuja Ijumaa jeneza likifika nyumbani, kabla jua halijazama."

Kosa lake lilikuwa moja: alimpigia Leonard simu amletee suti nyeusi. Leonard akaileta, akamfuata baba yake mpaka getini kwetu, ndipo akajua suti ni ya nini.

"Baba, hapa hapana."

"Mchukue mzee wako," akasema Naftali.

Walikuwa hawajawahi hata kusalimiana, na siku hiyo walielewana kama ndugu. Mzee alihamishiwa Sandton, akafia huko. Mimi nikapelekwa kwa baba, na shule ikaishia hapo.

Mwezi uliopita nilikuwa kazini, kwenye ukumbi ninaousafisha Sandton. Palikuwa na onyesho la muziki wa Kiyahudi, watu wa dini zote wamealikwa. Leonard, mvi kichwa kizima, akapanda jukwaani, akasema muziki huu ni zawadi ya Wayahudi kwa kila mtu. Klarineti ikaanza. Yam-bam-bam. Eish, niliacha kupiga deki, mkono wangu wenye kovu juu ya mpini, nikausikiliza mpaka mwisho.

Kile kibaraza kimezibwa kwa matofali, ni chumba cha kupangisha sasa. Mkate ule wanasuka wengine.

Leonard, sikukatazi. Wapigieni watu wote, hivyo ndivyo baba yako alivyotaka. Lakini kama leo wimbo ni wa kila mtu, mama yangu hakuwa mtu? Na wewe, Naftali, bado unahubiri pale mtaa wa Observatory, najua unapopita. Nataka mje nyote wawili pale getini Bellevue, mnijibu kwa midomo yenu. Njooni Ijumaa, jua likiwa bado lipo.