Siku Mchinjaji Wetu Hakuja

Hivi wewe umeshawahi kuogopa mpaka ukatoka nyumbani na kandambili zisizofanana, moja ya bluu moja nyekundu, usijue mpaka mtu akucheke? Mimi nimeogopa hivyo. Tena si kuogopa simba wala mwizi. Nimeogopa kuku, mwenzangu! Kuku aliyeiva, yuko ndani ya hotipoti, ananukia vizuri kabisa.

Ngoja nikae vizuri nikuhadithie.

Mimi nina jiko hapa Nkuhungu. Nilianza na sufuria ya maharage nikiwapikia mafundi ujenzi, Mungu akakuza, leo tunapikia vikao, misiba, maharusi, mpaka hao watu wa maofisini waliohamia na serikali wanakula kwangu. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo sheria za jiko langu ziko mdomoni tu. Asubuhi kabla ya moto tunasimama akina mama wote, tunamkabidhi Yesu jiko na mikono yetu. Halafu nauliza, "Nani ana jambo?" Aliyeunguza wali jana anasema. Aliyemsengenya mwenzake anamwomba radhi hapo hapo. Ukishasema yamekwisha, hakuna wa kukufokea. Ila ukiharibu cha mteja, unakwenda kumwambia mteja mwenyewe, kwa mdomo wako. Hiyo ndiyo ngumu. Wapo walioacha kazi kwa hiyo.

Na kuku wetu wote anachinja mzee mmoja Mwislamu, mtu wa Busi kule Kondoa, anakaa kwa mwanawe hapo mtaa wa nyuma. Akitoka kuswali alfajiri anapitia kwangu, anachinja, ananawa, anakunywa chai yake ya tangawizi. Kikombe chake cha bati namwekea juu ya ndoo, nakifunika na kisosi inzi wasiingie.

Sasa nina mjukuu wangu wa kike, ndiye niliyemwachia simu ya oda na usimamizi tangu amalize chuo. Alikuwa ananiuliza, "Bibi, jiko tunaliombea kwa Yesu, mbona kuku tunachinjiwa na Mwislamu?"

"Ndiyo maana, sasa," namwambia. "Yesu ananiletea wageni, mimi niwachague? Anayekaa kwangu ale bila kuuliza swali."

Anacheka. "Kisu ni kisu, Bibi."

Haya. Siku hiyo tulikuwa na harusi. Mfanyabiashara wa alizeti, mtu wa Kondoa, anamwoza binti yake. Ndoa msikitini, chakula nyumbani kwake, upande wa Zuzu. Biriani ya kuku. Ukoo mzima umeshuka kutoka milimani! Na huyo baba ndiye aliyetuletea wateja wetu wa Kiislamu, karibu wote. Akitoa neno moja baya, jiko limekufa, na wale akina mama wanarudi kwa watoto wao mikono mitupu.

Mimi asubuhi ile nilikwenda kumwogesha mama mmoja wa kwaya anaumwa mgongo, nikamwachia mjukuu wangu kila kitu. Narudi, kigari cha kirikuu kimeshapakia chakula kimeondoka, akina mama wanaosha masufuria wanaimba. Nikafurahi. Nikasogea kwenye ndoo nichote maji, nikaona kikombe cha mzee. Kisosi kiko juu yake vile vile. Nikakifunua, chai imejaa pomoni, imepoa.

"Mzee hajanywa chai leo?"

Nyimbo zikakatika. Wote wanaangalia chini, kama wamedondosha sindano.

Mjukuu wangu akasema, "Mzee kapata msiba Busi, Bibi. Kaondoka na basi la kwanza. Alituma meseji."

"Sasa kuku kachinja nani?"

"Mimi."

Jamani! Hata kwetu Wagogo, mwanamke akiwa na kuku na mwanaume hayupo nyumbani, nimewaona wengi wakisimama njiani na kuku wao, wanasubiri apite mwanaume awachinjie. Huyu kachinja harusi nzima!

"Umewaambia wenyewe?"

"Bibi, muda ulitubana. Na nani atajua? Kuku akishaingia kwenye mchuzi ana dini gani?"

Mwili wangu ukapoa kama ile chai. Na nisikudanganye, na mimi kuna sauti ilikuja ikaniambia, kaa kimya mama, kweli nani atajua? Tamu hiyo sauti! Lakini nikawaza wale watu wanavyonawa mikono, wanasema chakula hiki katoa fulani, kuleni tu, pale kwake hakuna wasiwasi. Wanakula kwa kuniamini mimi.

"Mpigie simu mwenye harusi."

Simu inaita tu, mwenyewe yuko msikitini. Nikachomeka miguu kwenye kandambili za mlangoni, nikamshika mjukuu wangu mkono tukadandia bajaji.

Njiani ananibembeleza. "Bibi, turudi. Watatupiga."

"Hata mimi naogopa."

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

"Kuogopea huko huko."

Maana mambo ya kuchinja si ya mchezo, wewe unajua. Nimeona majirani waliokuwa wanaazimana chumvi wakaacha kusalimiana kwa sababu ya kuchinja. Ile bajaji ikiruka kwenye mashimo, mimi naona jiko langu linabomolewa, namwona huyu mtoto anakokotwa nywele.

Tukafika watu wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Birika la kunawia limeshapita. Kijana mmoja ameshika upawa, anafunua hotipoti.

"Msile!" Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Kijana akarudisha kifuniko. Yule baba mwenye harusi akaja, kanzu nyeupe. "Shikamoo mama. Kuna nini? Chakula kina sumu?"

"Marahaba baba. Hakina sumu." Halafu ulimi ukaganda! Mimi ninayeongea mpaka na mbuzi. Nikamwangalia mjukuu wangu. Akasogea mbele.

"Kuku nimechinja mimi," akasema. "Mimi Mkristo, na mzee wetu hakuwepo. Bibi hakujua. Wali umepikwa kando, haujagusana na kuku. Ila mchuzi wote umeharibika. Naomba mnisamehe."

Weee! Vijana wakasimama. "Wametuletea haramu!" "Makusudi hayo!" Mmoja akapiga teke ndoo, maji yakatufuata miguuni. Mwenye harusi anatuangalia tu. Bora angetutukana. Moyoni nasema, Yesu, jiko ni lako, likifa limekufa, lakini mtoto huyu nirudi naye mzima.

Ndipo mama yake mwenye harusi, bibi kizee kama mimi, akasema kutoka mkekani, "Nani amekula?"

Hakuna.

"Sasa kelele za nini? Mtu anayetaka kukulisha haramu anakukimbilia kukuzuia? Hebu mtazameni mwenzangu miguuni."

Wakatazama. Na mimi nikatazama. Bluu na nyekundu! Kicheko kikaanza kwa wanawake, kikapita kwa wazee, wale vijana wakabaki wamesimama hawajui wafanye nini.

Mwenye harusi hakucheka. Akasema, "Mbuzi wapo. Wa kuchinja wapo. Wali upo. Mama, mna mikono?"

Mikono! Tulipika kwenye mafiga, mimi na mjukuu wangu, moshi machoni, wageni wakala jua limeshaanza kushuka. Gharama tukabeba sisi, na kuku wale wakaliwa na kwaya. Tukimuaga yule baba akasema neno moja tu: "Tutaonana."

Hilo neno lilininyima amani. Maana simu ya oda ilinyamaza. Watu wa Kondoa, kimya. Kila asubuhi akina mama wakisimama kuomba, naona wananitazama kama wananiuliza. Nikawa nachemsha chai ya mzee, nafunika kikombe, jioni namwaga. Niliogopa kuliko siku ile ya turubai. Nilijua akirudi atasema, mama, mmenivunjia heshima, basi.

Asubuhi moja nasikia kikohozi mlangoni. Mzee. Kasimama hajaingia.

"Habari zimenifikia mpaka Busi," akasema.

Mjukuu wangu akapiga magoti. "Shikamoo babu."

"Marahaba, shehe. Nasikia kazi yangu umeichukua."

Nikamtazama usoni. Anacheka huyo, meno yake yote ya mwisho nje!

"Kisu changu kiko wapi? Yule bwana wa alizeti kanipigia, anataka kuku wa Ijumaa. Kasema nikuambie wewe usikaribie hata banda."

Nikalia, nikacheka, nikamwaga chai nikampa kikombe kitupu.

Jioni tumekaa tunachambua mchele, nikamwambia mjukuu wangu, "Mke mwenzangu, bado naogopa. Nikiondoka mimi, kikombe kile nani atakiangalia?"

Akachambua kidogo. Akasema, "Bibi, nakuahidi. Siku ya msiba wako kuku sitamgusa. Babu akiwa Busi nitapanda basi la kwanza nimfuate, na kama naye hayupo nitamtafuta mwenzake. Wote watakaokuja kukulilia, watakula bila kuuliza swali."