Fyuzi ya Hotuba Fupi

Nichekeni tu, mimi fundi umeme niliyetoka Mbeya kuja Sumbawanga kifua mbele.

Juzi katibu wa chama aliniagiza niweke umeme ukumbini kwa ajili ya mgeni rasmi: kipaza sauti, taa, na hita kadhaa, maana baridi ya Ufipa haiheshimu cheo. Chuoni tulifundishwa kwamba mzigo ukiwaka masaa matatu mfululizo, waya na fyuzi viongezewe robo ya uwezo, la sivyo vitachemka. Nikamuuliza katibu hotuba itakuwa ndefu kiasi gani.

"Fupi tu," akasema.

Nikaamini! Mimi, ninayehudhuria mikutano kila wiki! Nikafunga fyuzi ya kutosha mzigo tu, bila kuongeza hiyo robo, tukaijaribu dakika chache, ikatulia. Siku ya mkutano hata nikasimamishwa mbele nipigiwe makofi.

Mgeni alianza asubuhi. Jua lilipopinduka alikuwa bado kwenye utangulizi. Ghafla pakanuka moshi, kila kitu kikazimika.

"Ndugu fundi," akaniita, "umeme wako umechoka?"

"Haujachoka, Ndugu. Niliupimia hotuba fupi."

Nilidhani nimenong'ona. Kumbe kipaza sauti kikifa, ukumbi mzima husikia vizuri zaidi.