Mzinga Ule Ni wa Nani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni kabla ya mwenye ufunguo. Ilikuwa shule ya misheni kwenye kilima juu ya Mikinduri, kuta za mbao na paa la mabati, na ukungu wa asubuhi ulikuwa ukiingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwalimu Mkuu alinikuta mlangoni. Alitazama viatu vyangu kwanza, uso baadaye, akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikasema najua kiasi. Akasema kiasi kinamtosha anayejifunza, hakimtoshi anayefundisha. Kisha akanipa darasa la sita.

Ninyi mnaofundisha leo mna vitabu vya kila somo. Sisi tulikuwa na ubao, chaki, na sauti. Katika Kiingereza chote hakuna somo lililowachosha walimu kama lile la mali ya wengi. Kwetu kitu hutangulia na mwenyewe hufuata: mzinga wa nyuki, njia ya akina mama. Mwingereza humtanguliza mwenyewe, halafu humpiga alama ndogo inayoning'inia juu ya mstari, tuliyoiita koma ya juu, ndipo akitaje kitu. Tena hakubali umfiche mwenyewe. Lazima useme kama ni mmoja au ni wengi, maana alama hubadilika mahali.

Mwalimu Mkuu alinifundisha njia yake siku hiyohiyo, akiwa ameegemea ubao hata koti likawa jeupe mgongoni.

"Uliza maswali mawili tu," alisema. "Mwenyewe ni nani? Ni mmoja au ni wengi? Mwandike mwenyewe mpaka aishe, ndipo umpige alama. Ukimpiga alama kabla hajaisha, umemkata mguu."

Njia hiyo ilinisaidia. Msichana mmoja ni "girl", kitabu chake ni "girl's book". Wasichana wengi ni "girls", wameisha na s tayari, basi alama inafuata hapo na hatuongezi kitu: "girls' books". Lakini "children" na "women" ni wengi wasiokwisha na s, kwa hiyo hao hupewa alama na s yao: "children's", "women's". Pale Mikinduri watoto walijibu wakicheka. Nikaamini nina ufunguo wa kila mlango.

Halafu Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ikakaza kamba. Sisi watu wa Meru na Embu, pamoja na Wakikuyu, hatukuweza kwenda popote bila pasi ya serikali. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa hana kazi, alikamatwa sokoni pamoja na vijana wengine akapelekwa kuchujwa, yaani kuhojiwa kama amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Hatukumwona tena kwa muda mrefu sana. Mama alinitazama kwa macho ya mtu anayehesabu kilichobaki. Basi uhamisho ulipokuja, kwamba niende kufundisha shule ya kati karibu na Gachoka, huko chini kwenye joto la Mbeere, alishukuru Mungu kwa sauti. Barua ilisema nitakuwa mwalimu wa majaribio. Mkaguzi akinikubali, nitapata cheti na pasi ya kudumu. Akinikataa, pasi ingekwisha na muhula nami ningerudi kijijini, kijana asiye na kazi, nikisubiri lori la kunipeleka kuchujwa kama kaka.

Mwalimu Mkuu wa Gachoka alikuwa mtu wa Embu, mpole, mwenye mzaha mkavu. Alinipokea akasema Wameru huwa na haraka, jua la hapa litaniponya. Kimbeere chao nilikisikia vizuri baada ya siku chache, nao walinicheka Kimeru changu. Sikuwa nimemaliza hata kujua majina ya watoto wakati habari ilipofika kwamba Afisa Elimu wa Wilaya anakuja pamoja na Msimamizi wa Shule wa misheni, na kwamba wanataka kusikiliza Kiingereza.

Walikuja na askari mwenye bunduki, kwa sababu wakati ule wazungu wa serikali hawakutembea bila askari. Yeye alibaki nje, lakini mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na bega lake na mtutu vilionekana. Afisa alikaa nyuma na kofia magotini. Msimamizi, mzee wetu mweusi mwenye tai, alikaa kando yake.

Nilichagua somo ninalolijua kuliko yote. Nikaandika ubaoni "my brother", nikaacha nafasi, nikaandika "goats". Nikamwita Njue, kijana mrefu aliyekaa mbele, nikamuuliza swali la pili la Mwalimu Mkuu wa Mikinduri.

"Njue, ndugu zako ni wangapi?"

Njue alisimama polepole. Alitazama mlango.

"Sina ndugu, mwarimu."

Nyuma yake, benchi la tatu, alikuwa amekaa mdogo wake wa tumbo moja, mwenye uso uleule na masikio yaleyale. Mdogo huyo aliinamisha kichwa kama anatafuta kitu sakafuni. Nikamwita msichana wa pembeni. Yeye pia hakuwa na ndugu. Wa tatu hakuwa na ndugu wala mbuzi. Darasa zima likawa la watoto waliozaliwa peke yao duniani.

Nyumbani kwetu, kama kwao, mtu hahesabiwi. Wazee hukataa kuhesabu watoto wao kama wanavyokataa kuhesabu mbuzi. Huwataja mmoja mmoja, kwa jina au kwa rangi, maana kuhesabu ni kukaribisha balaa. Hilo nililijua, ila misheni ilikuwa imenisahaulisha. Nisilolijua, na ambalo Mwalimu Mkuu wa Gachoka alinieleza baadaye, ni kwamba wiki ile homugadi, wale walinzi wa vijiji waliopewa silaha na serikali, walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba na swali langu lilelile: ndugu zako ni wangapi, na wako wapi? Watoto walikuwa wameonywa na mama zao jinsi ya kulijibu.

Afisa aliandika neno. Msimamizi akainama mbele, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole iliyonitisha zaidi, kama hawa watoto ni bubu au ni mimi sijawafundisha.

Nilichukua kitambaa nikafuta ndugu na mbuzi. Ubao ukabaki mtupu, nami mtupu vilevile. Nje, juu ya mgunga, ulining'inia mzinga wa gogo. Nikauonyesha kwa kidole kabla sijafikiri.

"Mzinga ule ni wa nani?"

Vichwa vikainama tena, kwa sababu mzinga nao una mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Mara Ciarunji, msichana mwembamba ambaye hadi siku ile hakuwa amefungua kinywa darasani kwangu, akanyoosha mkono.

"Ni wa nyuki, mwarimu."

Darasa likacheka. Nikashika kicheko hicho kama mtu anayezama anavyoshika mzizi.

"Nyuki mmoja au wengi?"

"Aende awahesabu anayetaka," alisema Ciarunji, na hapo hata Njue akaonyesha meno.

Nikaandika "bees", wameisha na s. Nikawauliza wazee wao hufanyaje mzinga ujulikane ni wa ukoo gani. Wakasema huchoma alama kwa chuma cha moto, pale mwisho wa gogo. Basi, nikasema, Mwingereza naye huchoma alama mwishoni mwa mwenyewe. Njue akaja ubaoni bila kuitwa, akapiga koma ya juu baada ya s, akaandika "hive". Tukaendelea na viota vya ndege, kwato za punda, njia ya akina mama ya kwenda mtoni. "Women's path" aliiandika mdogo wake Njue, naye hakukosea. Afisa akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, asali ni ya nani. Ciarunji akasema ni ya aliyekubali kuumwa. Afisa alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Baada ya somo aliniita nje, karibu na askari.

"Ulianza na ndugu. Kwa nini ukaacha?"

Ningeweza kumweleza. Ingekuwa kweli, na nilihisi ingewapeleka wenye bunduki nyumbani kwa watoto wanaoficha idadi ya ndugu zao.

"Nyuki wanaonekana kutoka hapa, bwana," nilisema.

Alinitazama, akautazama mzinga, akatia sahihi kwenye karatasi zangu. Msimamizi aliponipa mkono aliushika muda mrefu kidogo kuliko desturi. Yeye pia alikuwa na watoto nyumbani, alikuwa ameelewa.

Gari lilipozama kwenye vumbi niliketi kwenye jiwe. Mwalimu Mkuu akaja akasimama mbele yangu.

"Umewauliza watoto swali la homugadi mbele ya bunduki, na bado umepita," alisema. "Mungu wa Wameru hasinzii."

Nilicheka mpaka nikalia. Njue alikuja akimvuta mdogo wake kwa shati.

"Mwarimu, huyu ni ndugu yangu."

"Nani?" nilisema. "Mimi sikusikia mtu akitajwa."

Nilifundisha shule nyingi baada ya hapo, Embu na Meru, nikawa Mwalimu Mkuu, nikastaafu na kujenga hapa mtaa wa Majimbo. Walimu vijana hunitembelea wakiuliza njia ya kufundisha somo hili, nami huwapa maswali yale mawili, kisha huwaomba wachunguze kwanza nani amesimama mlangoni.

Lakini kinachonijia nikiwa peke yangu barazani ni asubuhi moja mwaka Hali ya Hatari ilipoondolewa, darasa jingine, jua lilelile. Niliandika "my brothers" bila kukusudia, mkono wangu ukasita. Mtoto mmoja akapaza sauti kwamba wao ni watano. Mwingine akamkatiza kuwa kwao ni saba na mmoja amerudi jana kutoka kizuizini, na wa nyuma akasema saba si kitu. Wakabishana, wakahesabu kwa vidole, wakataja majina, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Sikuwanyamazisha. Niliweka chaki mezani nikawasikiliza mpaka kengele ikalia.