Kanguru ya Mukebe wa Siraji

Kila nikifungua siraji, dawa ya kung'arisha viatu, harufu inanirudisha utotoni, kijijini Karuba, kwenye mukebe mutupu ambao papa alileta toka kwa muzungu mwenye shamba la pareto. Juu yake palichorwa nyama wa miguu mirefu ajabu.

"Hii njo kanguru," papa akasema. "Iko mu majani ya inchi ya mbali. Ukiikaribia, inasimama kama muntu na kukupiga teke."

Nikakimbia kumuonyesha mama, mwenye mimba. Koko, mama ya papa, akaninyang'anya mukebe.

"Mwenye mimba asiangalie nyama kama hii. Mutoto atafanana nayo."

Tangu siku ile, mutoto akipiga teke tumboni, mama alicheka, mimi niliwaza kanguru.

Alipozaliwa, wote walitazama uso wake. Mimi nilifunua kitenge, nikashika miguu.

Wajukuu wangu wakizaliwa, bado naanza na miguu.