Bip ya Asubuhi kutoka Naivasha

Siku yangu ya kwanza kazini, Nakuru, mwaka wa 2007, Meneja wa Mitambo alinionyesha doa la kijani kwenye kompyuta. Doa hilo liliwakilisha stoo ya baridi ya maua kule Naivasha.

"Iko hai?" aliniuliza.

"Iko hai, boss."

Akainua mkono. Alikuwa ameshika waya wa antena, aliouchomoa nilipokuwa nikitafuta kiti. Doa lilibaki kijani.

"Anayekatika haagi," alisema.

Akanieleza mapigo: mashine ya mbali hutuma ujumbe mfupi kila mara, hata ikiwa haina la kusema. Mapigo matatu yakikosekana, doa linageuka jekundu. "Ni kama Halima, msimamizi wa stoo hiyo. Kila asubuhi ananibipu. Sipokei, lakini najua yuko." Tangu siku hiyo Halima akawa ananibipu mimi.

Programu ya kuhesabu mapigo hayo niliiandika mimi. Muda wa kusubiri ulininyima raha: ukiwa mfupi, manyunyu tu yanakatiza redio na kuleta kengele za bure; ukiwa mrefu, maua yanaoza huku tukitazama kijani. Mwanzoni Halima alinipigia akicheka: "We kijana, leo umeniua mara ngapi?" Neno la kuweka kando ya doa jekundu sikulifikiria hata kidogo. Niliandika IMEKUFA.

Januari 2008 barabara zilifungwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Msafara wa polisi ulipopatikana, tulikuwa na lori moja la baridi, lenye nafasi ya maua ya stoo moja tu: ya Gilgil au ya Naivasha. Mtambo wa redio wa Kariandusi, uliotupitishia mapigo ya Naivasha, ulikuwa umezimika bila sisi kujua. Skrini ikasema Naivasha IMEKUFA. Nilimpigia Halima, laini zilikuwa zimejaa.

"Lakini amenibipu asubuhi," nilimwambia Meneja.

"Bip haisemi kama stoo ina baridi. Skrini inasema nini?"

Nikaanza kuwaza. Pengine alibipu kabla stoo haijazimika. Pengine simu yake iko kwa mtu mwingine. Nikiwa bado nawaza, lori likaondoka kwenda Gilgil.

Stoo ya Naivasha ilikuwa nzima. Halima aliyatunza mawaridi kwa jenereta akingoja lori, hadi yakachanua yote, yasiweze kuuzwa tena, yakatupwa shimoni. Aliponipata kwa simu hakucheka.

"Mlituzika bila hata kuja kutazama maiti."

Nililibadilisha neno lile likawa HATUJAISIKIA. Mashine haijui zaidi ya hapo, na ninyi mnaoanza kazi hii msiilazimishe ijue. Mwaka uleule niliacha kazi.

Halima hakunibipu tena. Mimi bado hutazama simu kabla ya chai. Wenzangu wa zamani wakiniuliza Halima yuko wapi, husema sijamsikia. Zaidi ya hapo sithubutu.