Mdomo wa Marehemu

Mchoraji wa karibu na soko la Likasi alikuwa na tabia ya kufutia brashi kwenye suruali, mguu wa kushoto tu, hata watu wakasema mguu ule ndio picha yake nzuri kuliko zote. Marceline alimletea kadi ya kazi yenye picha ya marehemu mumewe, amchore picha kubwa ya kuweka kanisani. Hakuwa na picha yake nyingine, na muhuri wa kiwanda ulikuwa umeufunika mdomo. Misa ya kumwombea ilikuwa Jumapili.

"Usisumbuke, mama," mchoraji akasema kwa sauti nzito kama katekista, akafungua daftari alimobandika picha za dunia nzima. Akachora mdomo wa Misri ya kale. "Huu iko na miaka elfu tatu!"

"Bwana yangu hakukuwa Farao."

Akaufuta, akachora wa malaika wa Italia.

"Huyu hajakunywa munkoyo hata siku moja."

Akachora wa kinyago cha Waluba.

"Aa, weye! Huyu atamukimbiza padri."

Mchoraji akapangusa brashi, mguu ule ule, akalifunga daftari. "Mama, bukari ikichelewa, alikuwa anafanya mudomo namna gani?"

Marceline akaivuta midomo pembeni, kama mumewe alivyofanya akingoja ugali, akavimbisha shavu moja.

"Kaa vile vile! Usipumue!"

Alipoigeuza picha, Marceline aliitazama kitambo, kisha akashika kiuno. "Bukari iko karibu, baba watoto," akaiambia. "Makala ya jiko ndiyo ililoa maji, si kosa yangu."

Ndipo machozi, yaliyogoma tangu maziko, yakamshuka.